Mandela, Goretti, Massawe au Nahodha? Kulinganisha majina ya mtoto yenye sura ya jina la ukoo

Wapo wazazi wanaotaka jina ambalo likiitwa darasani hawaitiki watoto watano kwa mpigo. Wengi wao, wakishachoka na orodha za kawaida, huishia kwenye kapu moja: jina la ukoo linapandishwa mbele na kufanywa jina la kwanza. Ila ndani ya kapu hilo mna vitu visivyofanana. Kumwita mtoto Lumumba, kumwita Wycliffe, kumwita kwa ukoo wa mama yake na kumwita Nahodha ni maamuzi manne tofauti, na kila moja lina matatizo yake.

Kabla ya kulinganisha, ondoa hofu moja. Kwa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, jina la ukoo ni jina la kwanza la mzee fulani aliyetangulia. Nyerere lilikuwa jina la baba yake Mwalimu, Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, na kwa Kizanaki maana yake ni kiwavi: alizaliwa wakati viwavi wamevamia nchi. Mwalimu mwenyewe aliitwa kwanza Mugendi, yaani mtu wa kutembea, kisha akabadilishiwa kuwa Kambarage, jina la pepo wa mvua, na Julius likaja kwa ubatizo mwaka 1943. Mandela nalo lilikuwa jina la babu yake Nelson. Kwa hiyo jina lililoandikwa kwenye uwanja wa ndege wa Dar es Salaam ni jina la mdudu, na hakuna anayecheka. Ajabu ya jina huisha kwa mazoea. Kisichoisha ni usumbufu wa makaratasi na maswali ya watu, na hivyo ndivyo vya kupima.

Vigezo vitano

Nafasi tatu. Kwa utaratibu wa jina lako, la baba na la babu, jina unalotoa leo litasogea. Mtoto ni Lumumba Hassan Juma. Binti yake atakuwa Rehema Lumumba Hassan. Mtoto wa mwanawe Ali atakuwa Zuhura Ali Lumumba. Familia nyingine hugandisha jina la tatu likabaki la ukoo, lakini hata hapo jina lako litakaa katikati kwa kizazi kizima. Jina lisemwe mbele, katikati na mwisho.

Tahajia. Je, karani ambaye hajawahi kuliona anaweza kuliandika kwa kulisikia mara moja?

Mzigo. Jina linamtaja nani au nini, na huyo au hicho kinaweza kugeuka?

Jinsia. Je, linabeba dalili ya kiume au ya kike?

Wazee na dini. Nani atakataa, na kwa hoja gani?

Jina la kiongozi: Lumumba, Mandela, Nkrumah, Kaunda, Maathai

Nafasi tatu: mbele linapendeza. Katika nafasi ya mwisho ndipo kazi inapoanza. Zuhura Ali Lumumba ataulizwa maisha yake yote kama ni wa ukoo wa Patrice, na atajibu “hapana, ni babu yangu tu alipewa jina”. Si balaa, ila ni jibu ambalo wajukuu wako watalikariri bila kulichagua.

Tahajia: hapa kundi hili linayashinda karibu yote. Lumumba, Mandela na Kaunda yanaandikwa kama yanavyosikika. Nkrumah huangusha h yake ya mwisho njiani.

Mzigo: tofautisha aliyekufa na aliye hai. Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961. Historia yake imeshaandikwa na haibadiliki sana. Kiongozi aliye madarakani ni kamari, maana mtoto akifika darasa la tatu huyo mtu anaweza kuwa shujaa au kesi mahakamani. Waliowaita watoto wao Gaddafi walikuwa na sababu zao, lakini anayejieleza kila siku ni mtoto. Na jina la mwanasiasa wa nchi yenu wenyewe ni kadi ya chama anayovishwa mtu kabla hajajua kusoma.

Jinsia: karibu yote yanasikika ya kiume, kwa sababu tu wenye majina walikuwa wanaume. Kwa binti, Maathai linastahili kufikiriwa. Wangari, mwanamazingira wa Kenya, alilipata kwa ndoa likiwa Mathai. Ndoa ilipovunjika na mume akataka aliache, akaongeza a moja na kuendelea nalo, hadi Tuzo ya Nobel ya mwaka 2004. Ukilichagua, jua tu kwamba makarani wataiondoa hiyo a.

Wazee na dini: upinzani mdogo. Swali la bibi ni moja: “Huyo ni nani wetu?” Wenye watoto wawili au zaidi huweza kumjibu kwa kumpa mkubwa jina la ukoo na kumwachia mdogo la kiongozi.

Linamfaa mzazi anayetaka jina lenye hadithi inayoelezeka kwa sentensi moja, na asiyejali swali la undugu.

Jina la Kizungu lililozoeleka: Kennedy, Wycliffe, Livingstone, Wesley, Lincoln

Nafasi tatu: halina tatizo lolote. Asha Juma Livingstone hakuna atakayemuuliza kama ana ndugu Scotland.

Tahajia: ndio ugonjwa wa kundi hili. Wycliffe, Wycliff, Wyclif, Wickliffe: hata huko Uingereza liliandikwa kwa namna nyingi. Lincoln lina l ya pili isiyosikika, kwa hiyo huandikwa Lincon. Kennedy huwa Kenedy, Kenned au Kenedi. Matokeo yake mtu anafika kidato cha nne akiwa na tahajia moja kwenye cheti cha kuzaliwa, nyingine kwenye kadi ya kliniki na ya tatu kwenye cheti cha mtihani. Nchini Tanzania hili humgonga siku anapoomba mkopo wa elimu ya juu, kwa sababu cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, na majina yanatakiwa yalingane na ya vyeti vya shule. Ukiwa unalipenda kundi hili, chagua lenye tahajia moja tu: Nelson, Wilson, Wesley.

Mzigo: wengi wameshasahau lilikotoka. John Wycliffe anakumbukwa kwa Biblia ya Kiingereza na alifariki mwaka 1384. Kennedy lilisambaa Kenya kwa namna inayoeleweka: mwaka 1960 mfuko wa familia hiyo ulichangia ndege za kuwapeleka vijana kusoma Marekani. Livingstone alifariki mwaka 1873, na mwili wake ukabebwa na watumishi wake, akina Chuma na Susi, hadi Bagamoyo. Majina ya watu wa ukoloni yanahitaji tafakari zaidi. Rhodes kwa mtoto wa Kiafrika ni mzaha mgumu kuutetea.

Jinsia: yenye “-son” yanamaanisha “mwana wa”. Jackson ni mwana wa Jack, Anderson ni mwana wa Andrew. (Baba anayeitwa John akimwita mwanawe Johnson, basi Johnson John ni jina linalosema ukweli mara mbili. Samson halimo humu. Hilo ni la Kiebrania.) Wenye mabinti wasidhani wameachwa nyuma: Beverly, Shirley, Ashley, Tracy na Kelly yote yalianza kuwa majina ya mahali au ya ukoo kabla ya kuwa ya wasichana.

Wazee na dini: kanisani hupita kwa urahisi. Katika nyumba ya Kiislamu halina nafasi kubwa, na ni vyema kulijua mapema kuliko kubishana siku ya saba, akika ikiwa imeshapangwa.

Linamfaa anayetaka sura ya ukoo bila maswali, mradi awe mkali kwenye tahajia.

Jina la ukoo la mtakatifu: Bosco, Gonzaga, Xavier, Vianney, Lwanga, Goretti, Bakhita

Hili husahaulika, ingawa parokia za Kikatoliki zimejaa. Bosco ni ukoo wa Yohane Bosco, Gonzaga ni ukoo wa Aloyce, na Goretti ni ukoo wa Maria.

Nafasi tatu: yanakaa vizuri kote, na mengi ni mafupi. Peter Bosco Mushi, Anna Peter Bosco: hakuna linalojikwaa.

Tahajia: Bosco na Lwanga ni salama, ingawa k hujipenyeza mahali pa c. Goretti hupoteza t moja. Vianney na Xavier ni kazi. Xavier mara nyingi hurudi nyumbani likiwa Zavery au Savery, na hayo nayo yamekuwa majina kamili.

Mzigo: mwepesi kuliko yote. Mtakatifu hagombei tena uchaguzi. Lwanga lina uzito wa ziada kwa kuwa ni la kwetu: Karoli Lwanga na wenzake 21 wa Uganda walitangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964. Bakhita, msichana wa Darfur aliyeuzwa utumwani, aliitwa hivyo na waliomteka; kwa Kiarabu ni mwenye bahati, shina lilelile la neno letu bahati. Kejeli ya jina hilo mzazi aijue kabla ya kulitoa, kisha aamue.

Jinsia: imepangwa tayari. Goretti na Bakhita ni ya kike, yaliyobaki ya kiume kwa mazoea.

Wazee na dini: sheria ya Kanisa inataka tu jina lisiwe geni kwa roho ya Kikristo, lakini maparoko wengi hupenda mtakatifu. Hapa unapata jina lisilo la kawaida na la ubatizo kwa pamoja, na sikukuu ya somo wake: Bosco 31 Januari, Bakhita 8 Februari, Lwanga 3 Juni, Goretti 6 Julai.

Linawafaa Wakatoliki wanaovutana, mmoja anataka Yohane na mwingine anataka kitu kipya.

Ukoo wa mama kuwa jina la kwanza: Massawe, Kimaro, Haule, Otieno

Kwa maoni yetu hili ndilo lenye maana nzito kuliko mengine, na ndilo lenye fujo kubwa ya makaratasi.

Nafasi tatu: chukua Massawe Peter Lyimo. Karani anaona Massawe mbele, anadhani mzazi ameanza na jina la ukoo kama kwenye orodha za shule, na “anasaidia” kwa kupanga upya: Peter Lyimo Massawe. Mtoto ameshahama ukoo kwa kosa la kalamu. Hili hutokea zaidi pale fomu inapokuwa na mstari mmoja badala ya visanduku vitatu. Na mjukuu, Neema Massawe Peter, atadhaniwa ni wa Massawe moja kwa moja. Kama baba na mama wote wanatoka eneo moja, mkanganyiko huu ni wa kila siku. Wakitoka mbali, Massawe Juma Mwinyimkuu kwa mfano, hupungua sana.

Tahajia: angalia herufi mbili na y. Massawe huwa Masawe. Lyimo huwa Limo. Majina yenye ng’ huumia kwenye pasipoti, kwa sababu mstari unaosomwa na mashine haujui kiapostrofi: Ng’wanamalundi huwa NGWANAMALUNDI. Mstari huo una nafasi 44, tano za kwanza ni za aina ya hati na nchi, zinabaki 39 kwa majina yote pamoja na alama za kuyatenganisha. Mwakipesile Livingstone Emmanuel hula 33. Ongeza jina la nne la herufi kumi, na lazima herufi zikatwe.

Mzigo: ni wa upendo, lakini ni wa watu walio hai. Wajomba wakigombana na baba, jina la mtoto linakuwa uwanja wa vita.

Jinsia: inategemea lugha. Majina ya Kichagga kama Kimaro na Mushi hayabagui. Ya Kijaluo hubagua: Otieno ni wa kiume, Atieno wa kike, kwa hiyo ukoo wa mama ukiwa Otieno na mtoto ni binti, mpe Atieno na familia itaelewa anaitwa kwa nani. Vilevile kwa Wakalenjin: Kiprono na Cherono.

Wazee na dini: hapa pana tofauti kubwa. Kwa Wakikuyu suala hili lilishapangwa: mtoto wa kwanza wa kiume huitwa kwa babu mzaa baba, wa pili kwa babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa bibi zao. Usiruke foleni, subiri wa pili. Kwa Waluguru na Wamakonde, ambao kwa asili huhesabu ukoo kwa mama, pendekezo hili halishangazi. Kwa familia za pwani na ndugu zao wa Oman, nisba kama Barwani, Mazrui au Busaidi husema “mimi ni wa hawa”, na kuibandika kwa mtoto wa baba mwingine huonekana kuchezea nasaba. Masheikh watakusomea aya ya tano ya Al-Ahzab, “waiteni kwa baba zao”. Hapo njia ya amani ni kutumia jina la kwanza la babu mzaa mama, nisba iachwe.

Linamfaa mama aliye wa mwisho kwao au asiye na kaka, ambaye angependa jina la baba yake lisipotee.

Neno la Kiswahili lenye sura ya ukoo: Nahodha, Mwinyi, Fundi, Simba, Komba, Tembo

Waingereza wana koo za kazi kama Mason (mwashi) na Carter (mwendesha mkokoteni), na leo Marekani wanazitumia kuwaita watoto wachanga. Sisi tunazo zetu: Nahodha ni ukoo unaojulikana Zanzibar, Mwinyi ni cheo cha zamani kilichogeuka jina, na Komba na Tembo yako kwenye orodha za shule.

Nafasi tatu: mwisho yanang’aa. Mbele yanataka mazoezi: siku bomba likipasuka jikoni, “Fundi yuko wapi?” ni sentensi yenye majibu mawili.

Tahajia: haina mpinzani. Hatari iko kwingine: vyeo. Waziri, Jaji au Kapteni, karani anaweza kuliruka akidhani ni cheo cha mzazi.

Mzigo: ni utani mtupu. Komba atasikia “amelewa kama komba” kabla hajajua pombe ni nini, na Tembo atakumbushwa kwamba jina lake pia ni la kinywaji cha mnazi. Simba kwa nyumba ya Yanga, hilo mtajadiliana wenyewe. Kwa watu wa Songea na kwingineko ambako majina ya wanyama ni ya kawaida na utani ni desturi, mtoto hukua akiwa na majibu tayari. Mjini, peke yake darasani, ni habari nyingine.

Jinsia: Kiswahili hakibagui, kwa hiyo Nahodha au Simba linamfaa binti sawasawa. Pengine ndilo chaguo bora kwa wasiotaka kujua jinsia kabla ya kujifungua.

Wazee na dini: mara nyingi watasema hilo ni lakabu. Wako nusu sahihi.

Kabla ya kujaza fomu

Liandike jina mara tatu, katika nafasi tatu, kwa herufi kubwa. Lipigie simu: mtajie mtu jina bila kumwelekeza, kisha mwambie akutumie alivyoliandika. Akikosea herufi moja, vumilia; akikosea mbili, utakosea naye maisha yako yote. Tafuta jina fupi kabla mtaa haujakutafutia: Livingstone atakuwa Livi au Stoni, Gonzaga atakuwa Gonza.

Kwenye tangazo la kizazi hospitalini soma kila kisanduku kabla ya kuondoka, kwa sababu cheti kitafuata kilichoandikwa hapo. Tanzania usajili unatakiwa ndani ya siku 90. Kenya, baada ya miezi 6 unahesabiwa umechelewa, na huko sheria inaruhusu jina kuongezwa au kubadilishwa ndani ya miaka 2 tangu kusajiliwa. Baada ya hapo ni hati ya kubadili jina, na kila cheti kilichotangulia kitahitaji kuambatanishwa nayo.

Kwa hali yako

Mkiwa na ukoo wa kawaida sana mwishoni, kama Juma au John, jina zito mbele litabebwa vizuri: Lumumba au Nahodha. Mkiwa na ukoo mrefu, Mwakipesile au Rugemalira, chagua la silabi mbili au tatu: Bosco, Mushi, Simba.

Mkiwa wa makabila au dini mbili na hamjakubaliana, jina la kiongozi au neno la Kiswahili halina upande. Ukoo wa mama utakuwa na upande hata mkisema hapana.

Burundi na Rwanda swali hili linageuka. Huko kila mtoto kwa asili hupewa jina lake mwenyewe, ndugu wa tumbo moja wakatofautiana, na jina linaloonekana la ukoo ni sentensi aliyopewa yeye: Nkurunziza ni habari njema. Kinachowasumbua wao ni fomu za nje zinazodai jina moja kwa familia nzima. Kongo, ambako cheti kina nom (jina), postnom (jina la nyongeza) na prénom (jina la Kikristo), jina la babu mzaa mama hukaa kwenye postnom bila kumsukuma mtu.

Mkiwa Ulaya au Marekani, jina la mwisho la mtoto lifanane na la mzazi atakayesafiri naye mara nyingi. Vinginevyo beba nakala ya cheti cha kuzaliwa kila safari. La kwanza mnaweza kulichezea mtakavyo, na Goretti, Kimaro au Tembo litasomwa huko bila mtu kujua mlitania au mlimaanisha.